Siwema, Shaweji na Harufu ya Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Nani huko nyuma hajaitikia? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Watoto mbele, watu wazima nyuma, na mwenye kutaka kujikuna ajikune sasa, maana ngano ya leo ni ya mbu.

Hapo zamani za kale, nyuma ya jiko la mama mmoja aliyeitwa Bi Arafa, palikuwa na mtungi uliovunjika shingo. Mvua ilinyesha, mtungi ukajaa. Bi Arafa aliusahau. Mbu hawakuusahau.

Ndani ya mtungi ule waliishi viluwiluwi wawili, pacha, kaka na dada. Kaka aliitwa Shaweji. Dada aliitwa Siwema. Walikuwa wadogo kama uzi uliokatwa kwa meno. Walining'inia kichwa chini mkia juu, wakavuta pumzi kwa mkia. Ndiyo, kwa mkia! Msicheke. Kila kiumbe na njia yake ya kupumua.

Kivuli kilipopita juu ya maji, Siwema alishtuka, Shaweji akashtuka. Pinduu! Wote wawili chini. Kivuli kilipoondoka, wote wawili juu. Alichopenda huyu, yule alikipenda. Alichoogopa yule, huyu alikiogopa. Wakaimba:

*Kichwa changu, kichwa chako,*
*maji yangu, maji yako,*
*ukizama, nazama nawe.*

Nje, kwenye kitako cha mtungi, palikuwa na Chura. Chura aliusikia wimbo kila siku, akajilamba midomo.

"Imbeni, wanangu, imbeni," akasema. "Mkiota mbawa tutaonana."

Siku zikapita. Shaweji akajikunja ndani ya ganda lake. Siwema akajikunja ndani ya ganda lake. Hawakula. Hawakuimba. Na humo ndani, pasipo jicho la mtu, kila kichwa kilifinyangwa upya. Mfinyanzi alikuwa mmoja, na udongo ulikuwa mmoja. Lakini katika kichwa cha Shaweji udongo mwingi aliupeleka upande wa sauti. Katika kichwa cha Siwema udongo mwingi aliupeleka upande wa harufu. Hakumzidishia huyu, hakumpunja yule. Aligawa tu.

Pasu! Ganda likapasuka. Shaweji akatoka. Kichwani ana vipapasio viwili vyenye manyoya, vimelowa kama kifaranga wa leo. Vikakauka. Vikachanua. Mara dunia nzima ikamwingia kichwani kwa sauti!

Pasu! Ganda la pili. Siwema akatoka. Vipapasio vyake vyembamba, kama nywele mbili. Na mrija mdomoni, mrefu, mgumu, wa kutobolea.

"Siwema! Unasikia?"

"Nisikie nini?"

"Mbawa! Mbu majike, kule ng'ambo ya ua. Mmoja, wawili, watatu. Huyo wa tatu anaimba, dada, anaimba!"

"Mimi nasikia zzz. Zzz ni zzz, kaka."

"Kichwa chako kimeingia maji!"

"Na chako je? Hebu nusa pale mlangoni kwa Bi Arafa. Pumzi. Jasho. Miguu iliyotoka shamba la mpunga. Inanivuta kama mbuzi anavyovutwa kwa kamba."

Shaweji akanusa. Akanusa tena. "Nanusa maua ya mpapai."

"Na nyuma ya maua?"

"Maua mengine."

Wakacheka hadi mbawa zikawauma. Siku ile walicheka. Shikeni hapo, kwamba siku ile walicheka.

Sasa, mbu madume wa ua ule walikuwa na desturi yao. Jua likiinama, kabla giza halijaingia, hukusanyika juu ya kinu cha Bi Arafa na kucheza ngoma. Hupanda, hushuka. Hupanda, hushuka. Kama moshi usiokwenda popote. Na wanapocheza husikiliza. Jike akipita, zii, dume mwenye sikio jepesi humfuata. Harusi ya mbu ni fupi kuliko chafya.

Siwema alipita siku moja, akaolewa, basi. Shaweji naye alicheza kila siku. Sikio lake likasifiwa. Aliweza kumjua jike kwa mbawa kabla hajavuka ua. Jumbe Mavumo, mkubwa wa ngoma, akamwita mbele ya wote.

"Kijana, sikio kama lako sijaliona. Kaa kulia kwangu."

Shaweji akakaa kulia. Lo, palikuwa patamu pale kulia!

Siku ya tatu Siwema akamjia. Tumbo lake limebana kama pochi tupu.

"Kaka, mayai yamekataa."

"Yamekataaje? Kunywa maji ya maua. Mimi nakunywa, nashiba."

"Nimekunywa. Najaa, lakini sishibi. Maua yananipa nguvu ya kuruka, hayanipi nguvu ya kuzaa. Kitu kinachotakiwa kipo mle ndani ya harufu. Shangazi Mwanakombo amekwenda mara moja, akanywa tone, akazaa watoto mia mbili."

"Tone la nini?"

"La damu."

Shaweji akatema maji ya maua. "Aka!"

Lakini majike walikwenda. Walikwenda mlangoni, wakanywa tone, wakarudi, wakazaa. Na Bi Arafa akajikuna mguu. Akajikuna mkono. Jioni moja akasema, "Mbu hawa wamenizoea." Akakata majani ya kivumbasi, akayaweka juu ya makaa. Fuu! Moshi ukatanda. Ukaingia jikoni, ukatoka jikoni, ukaja mpaka juu ya kinu.

Ngoma ikavunjika. Madume wakakohoa. Wawili wakaanguka ndani ya kinu, hawakutoka.

Jumbe Mavumo akaitisha baraza kesho yake, juu ya kinu kilekile.

"Nani ametuletea moshi?"

"Majike!" wakajibu madume.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya uroho!"

Shangazi Mwanakombo akasogea mbele. Alikuwa mbu mtu mzima, bawa moja limechanika. "Si uroho, Jumbe. Mlango ule una harufu. Harufu ile ndiyo inayotuita, na tone lile ndilo linalotupa watoto. Na nyinyi nyote mliokaa hapo mmetokana na tone."

"Harufu gani? Mimi nimeishi ua huu tangu masika yaanze. Sijanusa harufu mlangoni."

"Wewe ni dume, Jumbe."

"Na dume hana pua?"

Madume wakacheka, zii zii zii. Jumbe akainua mguu, wakanyamaza.

"Sisi si wadhalimu," akasema. "Tutachunguza. Shaweji ndiye mwenye kichwa kikali kuliko sote. Aende mlangoni, anuse, arudi kesho atupe ushahidi. Harufu ikiwapo, majike waendelee. Isipokuwapo, kuanzia kesho kila mbu atakunywa maua. Atakayekunywa damu hatatia yai ndani ya mtungi wetu. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Mmeona, watoto? Wametafuta wa kunusa, wakamchagua mwenye masikio. Huko ni kumpeleka kipofu akachague kanga.

Shaweji akaenda na Siwema. Wakatua juu ya fremu ya mlango. Ndani, Bi Arafa anachambua mchele.

"Nusa, kaka."

Akanusa. Akafumba macho, akanusa. Akasikia mchele unavyodondoka kwenye ungo, cha, cha, cha. Akasikia moyo wa Bi Arafa, du, du, du. Harufu hakuipata.

"Siwema, mimi sinusi kitu."

Siwema akatetemeka. "Unaniona mwongo?"

"Hapana. Nakuona unavyotetemeka. Kitu kisichokuwapo hakimtetemeshi mtu hivyo." Akafikiri. "Ni mimi. Kichwa changu hakifiki huko. Kama chako kisivyofika kwenye nyimbo za mbawa."

"Basi kawaambie hivyo hivyo. Waambie ulishindwa. Usiwaambie haipo."

"Nitawaambia nilishindwa."

"Niapie."

Shaweji akaapa kwa wimbo wao. *Kichwa changu, kichwa chako.* Siwema akaitikia, *maji yangu, maji yako.* Wakarudi.

Kesho ikafika. Baraza limejaa. Madume upande huu, majike upande ule, Chura chini akisikiliza kwa tumbo.

"Shaweji," akasema Jumbe Mavumo, "ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Ulinusa?"

"Nilinusa."

"Ukapata nini?"

Shaweji akafungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari. *Nilishindwa, kichwa changu hakifiki.* Maneno manne tu, watoto, mepesi kama pumba. Lakini dume mmoja nyuma akanong'ona, na Shaweji, mwenye sikio lile lililosifiwa, akamsikia: "Akisema ameshindwa, basi kichwa hicho kina tundu." Mwingine akajibu, "Kikiwa na tundu akae kulia kufanya nini?" Wakacheka chini chini.

Shaweji akamtazama Siwema. Akatazama pale kulia kwa Jumbe.

"Harufu haipo," akasema.

Yakatoka. Na neno likitoka halirudi, si konokono.

"Kaka!" akalia Siwema.

"Haipo," akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, maana uongo wa kwanza huomba wa pili.

Jumbe akamgeukia Chura. "Na wewe jirani, unasemaje? Mbu majike wana jambo gani la ziada?"

Chura akakuna kidevu. "Mimi mambo ya kunusa siyajui, Jumbe. Najua ladha tu. Jike aliyekunywa ni mtamu zaidi, ana mchuzi."

Madume wakacheka, majike hawakucheka. Na sheria ikapita.

Basi majike wakanywa maua. Walikunywa ya mpapai, wakanywa ya mkunde, wakanywa ya mchicha. Kila asubuhi walitazama matumbo yao. Yalikuwa makavu. Wengine walihama ua kimyakimya, hawakuaga. Shangazi Mwanakombo hakuhama. "Mtungi huu nimezaliwa ndani yake," akasema. Akakaa ukingoni mwa mtungi, akisubiri mayai yasiyokuja, mpaka siku moja upepo mdogo ulimwangusha majini na hakupiga bawa. Maji yale yalikuwa meupe, matulivu. Hapakuwa na kiluwiluwi hata mmoja wa kuyatikisa.

Siwema akasema, "Mimi nakwenda."

Shaweji hakuambiwa. Alisikia. Alikuwa juu ya kinu, jua limeinama, mguu huu na mguu ule ikicheza ngoma. Akasikia mbawa za dada yake zikivuka ua. Zii. Zikifika mlangoni. Zii. Zikishuka kwenye kifundo cha mguu wa Bi Arafa. Kisha zikanyamaza.

Kimya.

Kisha, pa! Kofi!

Shaweji akakwama hewani. Akasahau kupanda, akasahau kushuka. Akatega vipapasio vyote viwili. Inuka, Siwema. Inuka, mama yangu.

Zuuu.

Ameinuka! Lakini sauti imebadilika. Nzito, ya chini, kama mtu aliyebeba ndoo. Amekunywa. Shaweji akafurahi, nami nawaambia kweli, alifurahi. Na furaha yake ikaishi muda wa kupepesa jicho.

"Sauti gani hiyo?" akauliza Jumbe Mavumo. Alikuwa amezeeka, sikio lake limefifia. "Shaweji, hiyo ni sauti ya aliyekunywa?"

Angeweza kusema ni nyigu. Angeweza kusema ni upepo. Lakini madume wote walikuwa wakimtazama, na akawaza: nikikosea, watasema hata sikio langu limekufa.

"Ndiyo," akasema.

"Ni ya nani?"

"Ya Siwema."

Siku tatu Siwema alijificha nyuma ya gunia la mkaa, tumbo likikomaa. Siku ya nne, alfajiri, akaja mtungini. Alikuta ukuta. Madume walikuwa wamejipanga mdomoni mwa mtungi, bawa kwa bawa, wakipiga upepo. Vuu! Vuu! Mbu mwenye mayai hana nguvu ya kupambana na upepo. Na katikati ya ukuta, mahali pa heshima, alikuwa Shaweji.

"Kaka, nipishe."

Shaweji akapiga bawa.

"Kaka, ni siku ya leo. Hayangoji. Nipishe kidogo tu, upana wa unywele."

"Ni sheria, dada."

"Sheria hiyo ilizaliwa wapi? Si kinywani mwako?"

Shaweji akapiga bawa tena.

Siwema akaimba, sauti imemkauka: *Kichwa changu, kichwa chako.* Akanyamaza, akingoja aitikiwe. Shaweji alisikia kila herufi. Hapakuwa na kiumbe yeyote uani aliyesikia vizuri kuliko yeye. Hakuitikia.

Siwema akageuka.

Njiani, karibu na zizi, ng'ombe alikuwa amekanyaga tope, na alama ya kwato ikashika maji. Maji kiasi cha kiganja cha mtoto. Siwema akayanusa. Yalinuka jua, alijua hayatafika jioni. Lakini mayai hayakungoja. Akatua, akayaweka moja moja, yakashikana, yakaelea kama chelezo kidogo cheusi. Mia moja na themanini. Akakaa kando yake.

Jua likapanda. Maji yakarudi nyuma kidogo.

Jua likapanda tena. Maji yakawa kama machozi.

Jua likafika utosini.

Shaweji akaja jioni, kabla ngoma haijaanza. Alimkuta dada yake kando ya alama ya kwato, mbawa zimeshikana na tope lililokauka. Alikuwa bado hai, kidogo.

"Siwema, nimekuja."

"Nakunusa," akasema Siwema. "Unanuka maua."

"Nisamehe."

"Sikia, wewe mwenye masikio. Mimi sikutaka unuse. Nilitaka useme hukunusa. Hilo ndilo pekee nililotaka." Akavuta pumzi. "Lilikuwa gumu kiasi hicho?"

Shaweji akatafuta jibu. Alipolipata, hapakuwa na wa kumpa.

Jua likainama. Madume wakapanda juu ya kinu. Wakapanda, wakashuka. Wakapanda, wakashuka. Wakasikiliza.

"Shaweji," akaita Jumbe Mavumo, "njoo kulia kwangu. Sikiliza. Nani anakuja?"

Shaweji akachanua vipapasio vyake, vile vizuri, vyenye manyoya. Akasikia majani. Akasikia mchele kwenye ungo wa Bi Arafa. Akasikia ng'ombe akitafuna. Akasikia mpaka mwisho wa ua, na ng'ambo ya ua.

"Hakuna," akasema.

"Sikiliza vizuri!"

"Nasikiliza, Jumbe. Hakuna."

Kesho yake wakacheza tena. Hakuna. Keshokutwa wakawa wachache. Dume la mbu haliishi siku nyingi, na wa kuchukua nafasi hakuzaliwa. Jumbe Mavumo akaanguka ndani ya kinu. Chura akabeba miguu yake akahama. "Majike hamna, watoto hamna," akasema, "na nyinyi mliobaki mmekauka kama nyuzi za mkonge. Nitakula nini hapa?"

Akabaki Shaweji peke yake juu ya kinu. Akapanda, akashuka. Ngoma ya mtu mmoja. Kisha akaenda kwenye alama ya kwato. Mayai yalikuwa pale, meusi, makavu, kama masizi. Akainamisha kichwa. Akanusa. Akafumba macho, akanusa tena, kwa nguvu zake zote.

Hakunusa kitu.

"Nimeshindwa," akasema. "Kichwa changu hakifiki." Maneno manne yaleyale. Yalitoka kirahisi, kwa sababu sasa hapakuwa na wa kuyasikia.

Nini, Mwanahija? Unasema afadhali wamekwisha? Kweli, mwanangu, hata mimi natundika chandarua kila siku, nawe tundika. Na mtungi uliovunjika usiuache nyuma ya jiko. Mbu wa ua mwingine wapo tele. Jana wamenitoboa hapa na hapa. Lakini leo sikuwaita mbu tuwahurumie. Niliwaita watufundishe.

Na funzo lake ni hili. Vichwa havikufinyangwa sawa, na hilo si kosa la mtu. Kosa ni kusema jambo halipo kwa kuwa wewe huliwezi. Usimhukumu mwenye kiu kwa kuwa wewe umeshiba. Na ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui, sema mapema, sema mbele za watu, wakati bado yupo wa kukusikia.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye alama ya kwato. Utamu wake chukueni mkalale nao. Uchungu wake chukueni pia, maana nao ni wenu.